Mashine isimwambie mtoto kwamba imekula

Jioni moja hapa nyumbani Nyalenda, Kisumu, mpwa wangu wa miaka saba alikuwa akipiga gumzo na programu ya akili bandia kwenye simu yangu. Akaiuliza, "Umekula?" Ikamjibu kwa sauti tamu kwamba imekula ugali na omena, imeshiba. Kesho yake akaja na kisahani cha omena, akakiweka kando ya simu. "Ya rafiki yangu," akasema.

Nilishikwa na uchungu. Mashine ile hukisia tu neno linalofuata, kwa kuwa imefunzwa kwa maandishi mengi mno. Haina njaa wala shibe. Hata watu wazima hunaswa: mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa ELIZA, programu iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali, na watu wakaanza kuifungulia moyo. Sembuse mtoto wa gredi ya pili!

Kuzuia matusi na picha chafu ni lazima, hilo halina mjadala. Lakini mimi nadai zaidi. Ingemjibu, "Mimi ni mashine, sili. Wewe umekula nini?" gumzo lingeendelea na utamu usingepungua. Tena badala ya kumfunga mtoto kwa nyota za zawadi ili arudi kila siku, imrudishe kwa watu: "Kamuulize dani omena huanikwaje." Dani wake, yaani nyanya yake, aliuza omena ufuoni Dunga miaka mingi, na siku ile ndiye niliyemwomba mtoto ampelekee kile kisahani. Walikaa mlangoni mpaka giza likaingia, dani akimwonyesha kwa vidole jinsi ya kuchambua mchanga.

Na mtoto akisema anapigwa, au kwamba anamwogopa mtu fulani, mashine isijifanye mlezi. Imwelekeze kwa mtu mzima anayemwamini, na impe namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Kwenye simu yangu ridhaa hiyo ilikuwa kitufe kimoja chini ya kurasa za Kiingereza cha mawakili, na aliyekibonyeza ni mtoto mwenyewe. Nataka kitufe hicho kinifikie mimi kwanza, kwa Kiswahili au Dholuo, maneno machache yanayosema wazi wanachukua nini kwa mtoto wetu.