Waliotoroka kambi za malale walikuwa na sababu

Katika historia ya tiba za kikoloni, mgonjwa Mwafrika aliyekimbia sindano humalizwa kwa sentensi moja: aliogopa, aliamini uchawi, hakuelewa. Kuhusu malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, sentensi hiyo inaruka swali la msingi kabisa, nalo ni dawa yenyewe ilikuwa ikimfanya nini.

Madaktari nao wapewe haki yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, hasa Busoga na Buganda, na tiba haikuwapo. Daktari Mjerumani Robert Koch alikwishapata Tuzo ya Nobel na umri wake ulipita miaka 60 alipokwenda kupiga kambi visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa hilo, mwaka 1906. Alijaribu atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vikatoweka kwenye damu, wagonjwa waliokuwa hoi wakapata nafuu.

Na watu wakaja, tena kwa wingi na kwa hiari yao, Ssese na baadaye Kigarama huko Kiziba, Bukoba, ambako Wajerumani walifungua kambi mwaka 1907 kwa ajili ya wenyeji waliorudi na ugonjwa kutoka kwenye vibarua Uganda. Je, watu wanaochukia dawa za kigeni hujipanga mlangoni kuzipata?

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kusomwa polepole. Vimelea vilirudi, kwa sababu dawa haikuweza kuvifuata vilivyokwisha kuingia kwenye ubongo. Koch akapandisha dozi hadi gramu moja. Wagonjwa wakapata maumivu, kizunguzungu na msokoto wa tumbo, kisha zaidi ya 20 kati yao wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Malale ya upande ule huenda taratibu, miezi hata miaka. Anayepimwa kwa kupapaswa tezi za shingoni, ambazo ugonjwa huu huzivimbisha, huenda bado analima migomba yake kama kawaida. Huyo anaambiwa aache shamba, akae kambini, adungwe, na huku anamwona mwenzake aliyefika akitembea mwenyewe sasa anashikwa mkono kupelekwa chooni. Daktari aliona kifo kinachokuja. Mgonjwa aliona upofu wa leo, na kifo ambacho dawa haikukizuia. Kwa hesabu hiyo, kuondoka ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Wapo wanaosema bila amri ya serikali watu wengi zaidi wangekufa, na wanamtaja Gavana Hesketh Bell aliyewahamisha wakazi wa pwani ya ziwa nchini Uganda. Kuwatenga watu na mbung'o kulipunguza maambukizi kweli, ingawa gharama yake ilikuwa makwao na uvuvi wao. Lakini hoja hiyo inahusu mbung'o. Haiwezi kutumiwa kuitetea sindano iliyopofusha.

Koch mwenyewe, alipoona macho ya watu yanapotea, aliacha dozi ya gramu moja akarudi kwenye nusu. Kwake huo ulihesabiwa kuwa uamuzi wa kitaalamu. Mgonjwa aliyeyaona macho yaleyale na kuondoka kabla ya sindano iliyofuata aliitwa mtoro.