Nimepanga Foleni Asubuhi Nzima Kuambiwa Nikalale Chini

Ukitaka kujua Mwanza ina madaktari wangapi, shika kiuno barabarani. Shika tu, ukunje uso kidogo. Kabla daladala haijafika Buzuruga utakuwa umeshatibiwa na kondakta, muuza karanga na mama mmoja mwenye kuku kwenye kapu. Kondakta atasema ni figo. Muuza karanga atasema ni upepo, unywe tangawizi. Yule mama atakupima kuanzia viatu mpaka kofia, atikise kichwa, aseme taratibu: "Baba, hapo kuna mkono wa mtu."

Mkono wa mtu! Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye stuli isiyo na egemeo toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi, shingo imeinamia sindano, miguu inakanyaga. Msimu wa sare za shule ndiyo usiseme, nainuka pale nimekunjika kama sato kwenye kikaango kidogo. Halafu nyumbani ni Bugarika. Kwa wasioijua, huo ni mlima wa mawe ambao mtu wa kwanza alijenga juu ya jiwe, wa pili akajenga juu ya kichwa cha wa kwanza. Bodaboda inakushusha chini, mengine unamalizana nayo wewe na magoti yako. Maji ya bomba yakikatika unapanda na dumu la lita 20, na lita 20 za maji ni kilo 20, hiyo haihitaji shule. Sasa mchawi anatafuta nini kwenye mgongo huu? Kazi yake yote nimeshamfanyia.

Machinga mmoja akaniuzia mkanda wa mgongo. Una vyuma ndani, na ukiukaza unapata mkao wa askari wa gwaride. Shida ni kwamba huwezi kula ugali ukashiba, na huwezi kukanyaga cherehani. Unaweza kusimama tu, na mimi kusimama nilikuwa naweza bure.

Basi nikaenda hospitali. Ipi, haikuhusu. Nilijiandaa: nilioga vizuri, nikavaa singlendi mpya kwa ajili ya picha ya mgongo, maana sikutaka mionzi inikute na ile yenye matobo. Foleni asubuhi nzima. Mwisho nikapelekwa kwa binti wa mazoezi tiba, mdogo kabisa, ningeweza kuwa nimemshonea sare ya darasa la kwanza.

Akaanza maswali. Baba, mguu umeishiwa nguvu? Hapana. Unapata ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia? Hapana. Mkojo au haja kubwa unashindwa kuzuia? Mwanangu, hayo ni maswali gani! Una homa? Umekonda bila sababu? Umeanguka? Nikajibu hapana zote, kwa maringo kidogo. Akasema vizuri, maana ungesema ndiyo kwenye ganzi hiyo, au mkojo, au mguu, leo hii usingerudi nyumbani. Hayo hayasubiri kesho. Kwa hali yako, akasema, picha haihitajiki.

Singlendi yangu mpya, haikuonwa na mtu.

Nikaona basi, angalau aniandikie wiki moja ya kulala. Akakataa hilo nalo! Eti ukilala siku nyingi misuli inalegea na mgongo unazidi kukakamaa, uendelee na shughuli zako kwa kadiri unavyoweza. Jamani. Miaka yote nimefanya kazi nikiusubiri ugonjwa wa kunilaza kitandani, nimeupata, naambiwa huu haulaliwi. Nikamwonyesha mkanda. Akacheka. Akasema Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na mikanda hii imo kwenye vile ambavyo wahudumu wanashauriwa wasiwape watu hivi hivi. Mazoezi ndiyo yamo kwenye yanayoshauriwa. Halafu akatandika mkeka na kuniambia, "Baba, lala hapa." Nikalala. Nimetoka Bugarika, nimelipa, nimelazwa chini.

Zoezi la kwanza lina heshima zake. Unalala chali, unakunja magoti, unavuta goti moja mpaka kifuani, unahesabu polepole mpaka 20, unabadilisha. La pili ndilo lenye aibu. Umelala hivyo hivyo, nyayo zimekanyaga chini, unakaza makalio na kuinua kiuno mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Unashikilia, unashusha taratibu, unarudia mara 10. Na usibane pumzi. Eti misuli ya makalio na ya tumbo ndiyo inayousaidia mgongo kubeba mzigo, ikilala yenyewe mgongo unabaki peke yake.

Sasa fanya hayo kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule, dirisha linatazama uani. Asubuhi moja kiuno kiko hewani, nahesabu, upepo wa ziwa ukafunua pazia. Mama mwenye nyumba kasimama pale na ndoo yake. "Wangaluka, Baba Kulwa!" Mkubwa akikusalimu utafanyaje? Nikaitikia na kiuno changu juu. Hakuuliza kitu. Mchana mtaa mzima ulikuwa na habari zake, na kila mmoja anayo ya kwake.

La tatu unapiga magoti na viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, kisha unabadilisha. Mgongo usipinde wala kuyumba. Binti alisema niweke kikombe cha plastiki juu ya kiuno, kikianguka nijue nimepinda. Kikombe hakijawahi kupata nafasi. Baba akipiga magoti chini, Kulwa na Doto wanajua gari limefika. Kulwa anapanda mbele, Doto anashika mkanda wa suruali, mama yao kakaa kitandani anasema mazoezi bila uzito si mazoezi.

Nikisema naumwa wananishangaa. Kumbe mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno! Milioni 619, na mimi nimepanga nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao wa kunipa pole.

Nisiseme uongo, maumivu yamepungua. Hayakuondoka siku moja, yaliondoka kwa kujivuta, mdaiwa akilipa deni la kitambaa yuko hivyo hivyo. Siku hizi viatu nafunga mwenyewe. Kazini kila nusu saa nasimama, nazunguka cherehani, naweka mikono kiunoni na kujinyoosha kwa nyuma kidogo, wateja wanadhani nina hasira nao. Wengine wameacha kuomba punguzo.

Nilirudi kwa yule binti kumuuliza naacha lini. Maana kila dawa ina mwisho wake. Hata malaria, dawa mseto unameza siku tatu, umemaliza, unatupa karatasi. Akasema, "Baba, haya huachi." Kwa nini niendelee na mimi nimepona? Eti ukiacha, misuli inalegea tena na kiuno kinaweza kurudi. Halafu akaniongezea: kutembea kila siku, na namna ya kuinua mzigo. Usiiname kutokea kiunoni, chuchumaa, mzigo uwe karibu na mwili, usijisokote huku umeubeba. Nikashukuru, nikaondoka.

Kosa ni kwamba mke wangu tulikuwa naye. Tumefika Bugarika chini, maji yamekatika, madumu mawili yanatusubiri kwa muuza maji. Nikashika kiuno, kwa mazoea tu. Akaniangalia.

"Chuchumaa, Baba Kulwa. Lisogeze karibu na mwili. Na pumzi usibane."