Datsun ya kazi na ya dragi: bushi ngumu ama raba?

Hapa Nakuru ukipata watu wawili wameinama chini ya Datsun 1200 pikapu iliyowekwa enjini kubwa, kuna uwezekano mkubwa wanabishana juu ya bushi za springi za nyuma, yaani vile vipande vya mviringo vinavyokaa ndani ya matundu ya springi pale bolti inapita. Mmoja anasema toa raba zote weka poli (plastiki ngumu ya polyurethane) ama chuma, gari itoke vizuri kwa laini ya kuanzia mbio. Mwingine anasema wachana na hayo, Nissan waliweka raba na walijua wanafanya nini. Mimi naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na shida inaanzia kwa hilo neno "zote".

Kwa hii gari hakuna mkono mwingine wowote unaoshika ekseli ya nyuma. Springi ya majani, yaani vile vipande virefu vya chuma vimepangwa kimoja juu ya kingine, inabeba mzigo, inazuia ekseli isiende mbele wala nyuma, na tairi zikisukuma, ule msukumo unaingia kwa bodi kupitia jicho la mbele la springi, yaani tundu la mwisho wake. Jicho la nyuma liko kwa shako, kile kiungo kinachoungana na bodi, na shako kazi yake ni kucheza tu, ili springi ikibonyea ipate pa kurefukia. Kwa hivyo mbele na nyuma si kazi moja, na hakuna sababu bushi ziwe za aina moja.

Wa bushi ngumu wako na hoja. Raba ya mbele ikizeeka, ukiachilia klachi ghafla ekseli inasonga kwanza kabla gari haijasonga, na kama raba ya kushoto imechoka kuliko ya kulia basi gari inavuta kando na wewe unapigana na usukani mita za kwanza za zile 402 za mbio za dragi, zile za kukimbia moja kwa moja. Poli ama nailoni inamaliza hiyo, na fundi mzuri wa lethi hapa mjini anakukatia ya nailoni inaingia safi kabisa. Lakini poli haigandi kwa chuma kama raba, inazunguka, kwa hivyo inataka grisi ya silikoni kila mara, na vumbi la marram likichanganyika na hiyo grisi unapata msasa unaokula bushi polepole, na kama hiyo pikapu ndio inaenda Molo kuchukua viazi katikati ya wiki utaanza kuskia milio mapema sana.

Chuma tupu ndio mimi siwezi kukubali kwa gari ya barabara. Tairi moja ikipanda tuta na nyingine ibaki chini, springi inajipinda kidogo, na raba ndio inaruhusu hiyo. Ukiweka chuma pande zote mbili hakuna kitu kinalegea, nguvu inaenda kutafuta mahali pa kupasua, na hii Datsun haina chesis ya kujitegemea, ni bati limekunjwa tu, kwa hivyo itapasuka pale springi imeshikiwa.

Upande wa raba nao wanajiharibia wenyewe. Gari iko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, fundi anakaza bolti za bushi mpaka mwisho halafu anashusha. Hapo raba imeshikwa ikiwa mahali si pake, ukishusha inajipinda na inakaa imejipinda siku zote, inapasuka mapema, alafu mwenye gari anasema raba ni mbaya. Weka bolti zikiwa legevu, shusha gari ikae kwa magurudumu, ndio ukaze.

Na kuna jambo pande zote mbili wanaliruka, bushi haizuii springi kujikunja. Ukikanyaga, pua ya difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, inataka kuinuka, majani yanajipinda kama herufi S, yakirudi tairi inaruka, ile tiki-tiki-tiki unaiskia hadi kwa kiti. Hata bushi iwe ya almasi, hiyo itaendelea, kwa sababu kinachopinda ni majani yenyewe, si jicho. Kule Marekani Chrysler walifunga ekseli ikiwa mbele ya katikati ya springi ili kipande cha mbele kiwe kifupi na kigumu, na watu wa dragi wakaongeza vyuma vya kushikilia hicho kipande. Kwa hivyo kama shida yako ni tairi kuruka, usiimalizie pesa kwa bushi.

Mimi shilingi ya kwanza ningeipeleka kwa yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwa ekseli. Chungulia pale springi inakaa kwa ekseli, ukiona sehemu imeng'aa kando ya bamba na unga mwekundu wa kutu umetoka hapo, ekseli inatembea juu ya springi. Watu wakiona senta bolti, ile inayopita katikati ya majani, imekatika wanaenda kununua senta bolti ngumu zaidi, na ile kazi yake ni kuweka tu springi mahali pake, kinachoshika ni yubolti zikibana. Na hapa ndipo natofautiana na yule fundi wa lethi niliyemsifu, bushi akukatie, lakini yubolti ya chuma cha kawaida iliyopashwa moto ikakunjwa inavutika, leo umekaza kesho imelegea. Tafuta zilizotengenezwa kiwandani, mpya, usirudishe za zamani, na bolti za shako na za jicho ziwe zimeandikwa 8.8 ama 10.9 kichwani, hiyo ni alama ya nguvu ya bolti.

Kwa gari inayofanya kazi zote mbili, uamuzi wangu ni poli ama nailoni jicho la mbele peke yake, raba mpya kwa shako, na shako ya urefu wa kiwandani, kwa sababu ndefu inainua mgongo lakini inayumba kando na inageuza pembe ya difu na shafti ya propela. Kama gari haiendi kazi tena, ni ya mbio tu, basi weka poli hadi nyuma. Ukishafunga, endesha kama kilomita 100 hivi, rudi chini na spana ya torki ukaze yubolti tena zote nne kwa zamu, kidogo kidogo.