Kuzuia Mkono Kabla ya Kugeuza Moyo: Kazi ya Kimyakimya Pwani ya Kenya

Hukumu inapotoka Nairobi, watu hubishana wiki mbili kisha mambo hupoa. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba lilikuwa kosa kulinyima usajili shirika linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Hizi ndizo tarehe zinazokumbukwa. Kazi nyingine, ile ya kuwaketisha maimamu, wachungaji, wahudumu wa afya na polisi wa Pwani na kuzungumzia vipigo wanavyopata watu hao, haina tarehe ya kukumbukwa, na labda ndiyo sababu inadharauliwa na pande mbili kwa mpigo. Wapinzani huiita mlango wa nyuma wa kueneza ushoga. Baadhi ya watetezi nao huiona ni kuomba huruma pale mtu anapopaswa kudai haki.

Chanzo chake kinaeleza mengi. Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulienea mjini Mtwapa, Pwani. Viongozi wa dini wakawaita waandishi wa habari na kutaka hatua zichukuliwe. Muda si mrefu umati ukakizingira kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kilichokuwa kikitoa huduma za VVU kwa wanaume wapenzi wa jinsia moja. Watu wakapigwa. Polisi wakawachukua baadhi yao, na hadi leo ni vigumu kusema kama walikuwa wanawakamata au wanawaokoa. Harusi haikuwepo. Katika mlolongo mzima huo hakuna aliyesubiri kifungu cha 162 kimruhusu kutenda. Uvumi ulianza, mimbari ikaupa uzito, na pale mtaani hakupatikana mwenye heshima wa kusema subirini kwanza. Ndiyo maana PEMA Kenya, shirika la Mombasa, na watafiti wa KEMRI waliona kuna haja ya kuzungumza na wenye mimbari.

Kikao kinachozaa matunda huanza kabla ya siku yake. Kila kiongozi hutembelewa peke yake na kuelezwa waziwazi mada ni nini, kwa sababu sheikh aliyeviziwa mbele ya wenzake hulazimika kujitetea kwa ukali, na ukali huo ndio anaorudi nao msikitini. Chumbani wasizidi ishirini. Mwezeshaji awe wa fani yao: muuguzi kwa wauguzi, mchungaji kwa wachungaji. Siku ya kwanza huzungumzwa afya, VVU na vurugu zenyewe, na maswali huandikwa kwenye karatasi bila jina, maana yapo ambayo mtu mzima hawezi kuyatamka. Waliopigwa huingia baadaye, joto likishapungua, nao hueleza yaliyowapata na kuulizwa maswali. Waandishi wa habari hawaalikwi. Kamera moja inatosha kumfanya kila aliyemo aseme yale ambayo waumini wake wanatarajia kuyasikia.

Kinachoulizwa humo si kama tendo ni dhambi; hilo kila mmoja ameshalijibu kabla hajafika. Kinachoulizwa ni nani aliyempa kijana wa mtaani ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu usiku. Na hapa viongozi wa dini hawahitaji hoja ya kuazima. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupelelezana na kudhaniana vibaya. Aya ya 4 ya Suratun Nur inamwekea viboko themanini anayewatuhumu wanawake watahirifu zinaa bila kuleta mashahidi wanne. Sheikh anayeshikilia kwamba tendo ni haramu anaweza, bila kulegeza chochote, kuwaambia vijana kwamba kumpiga mtu kwa uvumi nako ni haramu. Mchungaji ana sura ya nane ya Injili ya Yohana, kisa cha mwanamke mzinzi ambaye hakuna aliyethubutu kumrushia jiwe. Wanaosema vikao hivi vinawalisha viongozi wa dini imani mpya hawajasikiliza kinachozungumzwa ndani yake.

Takwimu inayotajwa sana kuonyesha kwamba juhudi hizi ni bure ni ya Afrobarometer, shirika linalopima maoni ya watu barani Afrika. Katika nchi 33 zilizopimwa mwaka 2014 na 2015, asilimia 78 ya waliohojiwa walisema hawangependa kuwa na jirani mpenzi wa jinsia moja. Namba hiyo husomwa kana kwamba ni ukuta. Lakini swali lilihusu kupenda, halikuhusu kutenda. Ndani ya ile 78 yumo mama ambaye angenuna na kuacha kusalimia, na yumo kijana ambaye angetafuta petroli, na hesabu imewaweka kapu moja. Anayewindwa mtaani usiku wa vurugu hana haja ya kumbadilisha yule mama. Anahitaji tu mama huyo asitoke nje kushangilia, na ikiwezekana apige simu. Ukiichambua namba kwa jicho hilo, lengo linakuwa dogo na la kufikika: wachache walio tayari kupiga, na wachache wengine ambao neno lao huwazuia.

Hata ukuta wenyewe si sawa kila mahali. Cape Verde asilimia 74 hawakuona tatizo na jirani huyo, Afrika Kusini 67, Msumbiji 56. Swali lilelile lilipohusu jirani mwenye VVU, asilimia 68 katika nchi zote hizo walimkubali, na wanaokumbuka enzi ambazo mgonjwa alitengewa kikombe na kijiko chake wanajua safari iliyopigwa. Kwa haki, dawa zilisaidia sana hapo, na kwa suala hili hakuna kidonge. Lakini dawa haikumfundisha muuguzi namna ya kumpokea mtu mlangoni. Hilo lilifanywa na mafunzo na vikundi vya wagonjwa.

Je, mazungumzo yanabadilisha kitu? Uwanja huu una historia ya aibu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science Desemba 2014, kuhusu mazungumzo ya nyumba kwa nyumba California, ulifutwa Mei 2015 baada ya kubainika kwamba takwimu zake haziaminiki. Miongoni mwa walioufichua, David Broockman na Joshua Kalla wakaurudia kwa uaminifu Miami, kuhusu watu waliobadili jinsia: wagonga milango 56, wapiga kura 501, dakika kumi hivi kila mmoja. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye upungufu bado ulionekana. Majaribio yao ya baadaye yakaonyesha kwamba hoja tupu hazikufua dafu; kilichofanya kazi ni watu kusimuliana yaliyowapata bila kuhukumiana. Pwani nako wahudumu 74 kutoka vituo vya afya 49 walipewa mafunzo ya siku mbili, na walipopimwa baada ya miezi mitatu chuki ilikuwa imeshuka, hasa kwa walioanza nayo nyingi.

Hapo kwenye "hasa" pana mtego. Aliyepata alama za juu kupindukia mara ya kwanza huelekea kushuka mara ya pili hata bila mafunzo, na muuguzi aliyefundishwa anajua ni jibu lipi la kutia alama. Hakuna kipimo kati ya hivyo kilichohesabu vipigo. Watetezi wa kazi hii wangejenga hoja imara zaidi kama wangeweka daftari la matukio mtaa kwa mtaa badala ya kutegemea madodoso.

Upande wa mahakama una hoja mbili zisizokwepeka. Machi 22, 2018 Mahakama ya Rufaa Mombasa iliamua kwamba kuwapima sehemu ya haja kubwa kwa lazima wanaume wawili waliokamatwa Ukunda kulivunja Katiba. Vipimo hivyo vilifanywa kwa amri ya hakimu, na semina haina nguvu mbele ya amri ya hakimu. Pili, maadamu kifungu cha 162 kipo na miaka yake kumi na minne, aliyepigwa anaogopa kuingia kituoni kama mlalamikaji na kutoka kama mshukiwa. Matapeli wanaowanasa watu kupitia mtandao na kudai pesa wanalijua hilo vizuri. Na kuna mzigo mwingine usiosemwa sana: ni watu walewale wachache wanaofungua vidonda vyao mbele ya wageni, kikao baada ya kikao, na baadaye hutambuliwa sokoni.

Hata hivyo, hukumu ya 2023 ilifuatwa na maandamano ya kuipinga, Mombasa ikiwemo. Siku kama hizo, mwenye namba ya simu ya imamu ana la kufanya kabla ya swala ya Ijumaa. Mwenye nakala ya hukumu peke yake hana.

Panapohitaji kazi ya mahakama na ya vikao kukutana ni kwenye meza ya kituo cha polisi. Msaidizi wa kisheria anayemsindikiza aliyepigwa humfundisha kuripoti tendo: nani alipiga, kwa kitu gani, saa ngapi, kilichoibwa. Kifungu cha 251, kuhusu kumdhuru mtu mwili, hakiulizi mlalamikaji analala na nani. Wasitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari au afisa wa kliniki mapema, kabla majeraha hayajapona, kisha irudishwe kituoni na nakala ibaki. Kesi nyingi hufia baada ya hapo: familia zinasuluhishana, shahidi anahama, au OCS, mkuu wa kituo, aliyehudhuria mafunzo anapewa uhamisho na uelewa wake unaondoka naye. Kufundisha maafisa wa dawati la ripoti, ambao ni wengi, huacha akiba kubwa kuliko kumfundisha mkubwa mmoja. Na OCS mpya anatakiwa kutembelewa wiki yake ya kwanza, mkononi kukiwa na orodha ya nambari za OB za kesi zilizolala.