Hamsini ya dada

Dada yangu aliyeko Morogoro alinipigia usiku, huku Hamburg ikiwa inakaribia saa tano. "Mdogo wangu, nimechanga elfu hamsini, daftari lenu linasema hamsini. Nimewakosea nini?"

Pesa yenyewe ilishafika kwa mhazini. Aliyemdhulumu ni mimi. Programu ya michango ya familia niliiandika mwenyewe, siku za mapumziko, kwenye kompyuta iliyopangwa Kijerumani. Wajerumani wakiandika elfu moja mia mbili na senti hamsini wanaandika 1.200,50. Mkato kwao unatangulia senti, nukta inatenga maelfu. Dada aliandika 50,000 kama tulivyofundishwa shule ya msingi, programu ikasoma hamsini kavu na sifuri tatu za urembo.

Huku senti ina heshima. Mkate ukiwa 1,79 unatoa euro mbili, na senti ishirini na moja zinarudi mkononi mwako zote. Ndiyo maana kuna programu ambazo ukibonyeza 5 inatokea 0,05, ukiongeza sifuri inakuwa 0,50. Tarakimu zinaingilia kulia. Mpe bodaboda wa Msamvu kitu hicho atume buku mbili: abonyeze mara sita, mbili za mwisho kwa ajili ya senti ambazo hajawahi kuzishika. Orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, bado inaipa shilingi yetu desimali mbili, na ya Kenya vilevile. Ya Uganda haina hata moja. Riali ya Oman ina tatu, maana riali moja ni baisa 1,000, kwa hiyo binamu yetu wa Muscat akiandika 12.500 ana maana ya riali kumi na mbili na nusu. Programu moja, ukoo mmoja!

Nyumbani hatari yetu ni sifuri. Kwenye menyu ya simu unaandika 500000 bila alama yoyote, unazihesabu kwa kidole, unarudia, ndipo unaweka namba ya siri. Nami naona wenzangu wa huku, ambao kazi yao ni nzuri kweli, hawajawahi kuogopa sifuri.

Nimebadilisha hivi. Shilingi ikichaguliwa, kibodi inaonyesha tarakimu tu, hakuna mkato wala nukta ya kubonyeza. Kinachohifadhiwa ni namba nzima. Mikato inachorwa kwenye skrini tu, mtu anapoandika. Kilichonitoa jasho ni kile kijistari kinachowaka na kuzima pale unapoandika. Ukirudi katikati kurekebisha tarakimu, mkato unahama, kijistari kinarukia mwisho, na unachofuta sicho ulichokusudia. Jioni tatu nzima.

Chini ya kiasi nimeweka maneno: "Shilingi elfu hamsini tu", kama risiti ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenzangu kazini aliona akacheka, akauliza nani anasoma hayo. Mama anasoma, tena kwa sauti, kabla hajabonyeza.

Nilimtumia dada toleo jipya. Akalijaribu, akanyamaza kidogo, akauliza mbona mwishoni hakuna /=. Nimeiweka.