Eti Nilikimbia Nimelewa

Wakuu leo sina salamu. Kuna mtu kwenye grupu letu la jogingi, jina nalihifadhi kwa sababu bado namdai, kaangalia ramani ya mbio zangu za jana asubuhi, ile simu inayoichora kila ninapopita, halafu mbele ya watu 87 akaandika: "Kaka hapa kilomita ya 10 ulikuwa umelewa?" Na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, vitatu. Mwingine akadakia hiyo sio ramani, huo ni mwandiko wa daktari. Wakacheka wote, akacheka mpaka mweka hazina ambaye tangu tumpe hela za tisheti hajawahi kuandika neno humo ndani.

Sasa naomba nijitetee.

Kwanza mimi sikuomba kukimbia. Mimi ni mtumishi, na mtumishi hapa Dodoma akiona karatasi inazungushwa ofisini ina jina, cheo, namba ya simu na sahihi, hasomi kule juu imeandikwa nini. Anasaini. Mkono wenyewe unajua karatasi za hivo mwisho wake ni posho. Nilisaini huku natafuna karanga. Siku tatu mbele napigiwa simu, hongera sana, umejiandikisha kukimbia kilomita 21. Nikauliza kwa nini sio 5. Kwenye 5 pamejaa, mabosi wote wako kwenye 5. Basi nifuteni. Orodha imeshapelekwa juu. Na nyie mnajua kitu kikishapelekwa juu.

(Halafu hapa kwetu kila kitu kinaitwa marathoni. Kilomita 5 marathoni, kilomita 10 marathoni, kutembea na bosi kuzunguka uwanja halafu supu ya mbuzi, nayo marathoni. Yenyewe ni kilomita 42 na mita 195, jamani, kuna watu wanazitolea jasho.)

Haya, nikaamua basi niwe mwanariadha, kwa heshima zote. Nikanunua raba za mtumba Sabasaba, muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba ni orijino. Nikapakua ratiba ya wiki 12 kwenye intaneti. Aliyeitunga ile ratiba hana watoto, nakula yamini. Jumanne imeandikwa "mbio nyepesi, kisha lala mapema." Jumanne ndo siku ya maji mtaani kwetu! Alhamisi mbio za vipande vipande, na Alhamisi kuna kikao cha harusi ambacho katibu ni mimi, sijui nani alinipendekeza. Jumamosi ndo mbio ndefu. Nani mwenye familia ana Jumamosi? Huyu anyolewe, yule kikao cha wazazi, mama watoto ana vikoba, mama mkwe anashuka stendi na mizigo ambayo hata konda aliikataa. Kuhusu chakula wanasema kula tambi na parachichi. Kwangu mimi ni ugali wa uwele na mlenda, nikamwambia mama watoto kiungwana kabisa kwamba mwanariadha anahitaji lishe, akanijibu bila kugeuka, "Baba Jeni, huyo Simbu unayemtaja kila siku ni mtu wa Singida hapo tu, yeye alikuzwa na tambi?"

Na habari za Simbu niliziingiza mwenyewe humu ndani. Ile Septemba 15, 2025, aliposhinda dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, nilishindwa kujizuia, nikawahadithia watoto kwamba jamaa kakimbia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani kamaliza na muda ule ule, wametenganishwa na sekunde 0.03. Watoto midomo wazi. Mimi kifua mbele kama vile nilimfundisha. Sasa juzi niko nafunga kamba za raba, kadogo kangu ka darasa la tatu kanakuja, "Baba, Simbu alikimbia 42 kwa saa mbili. Wewe hiyo 21 unakimbia kwa saa ngapi?" Nikamwambia kamalizie homuweki. Kashamaliza. Nikamwambia rudia.

Sisemi sana kuhusu kutumwa. Mtu ukishajulikana unakimbia, nyumba nzima inaona miguu yako ni bodaboda isiyotumia mafuta. "Kwa kuwa unapita Nanenane." Nimeshakimbia na sado ya nyanya. Nimeshakimbia na kopi za cheti cha kuzaliwa zinatakiwa shule. Nimeshakimbia na kuku mzima mzima, na yule kuku alifika kachoka kuliko mimi. Bodaboda wenyewe wananifuata nyuma nyuma, "bosi twende, buku tu," nikikataa wanashusha, "haya jero," mmoja alifika hadi "panda tu mzee wangu, utanilipa ukipata," kwa sauti ya huruma kabisa, iliniuma ile.

Turudi kwenye ramani.

Jana ratiba imeandika kilomita 18. Nimetoka Nzuguni saa 11 alfajiri kabla nyumba haijaamka kunituma, nimeshika lami kuelekea Ihumwa, mabasi ya Dar yananipigia honi, kulipoanza kupambazuka nikaacha malori nikaingia njia ya vumbi. Kilomita ya 9 niko vizuri, upepo unanisukuma mgongoni (nikijua fika utanisubiri usoni wakati wa kurudi, upepo wa Dodoma haukusamehe deni), nimevaa ile tisheti ya klabu, kijani kile cha mafundi wa barabara kinachoonekana mpaka Singida. Mbele namuona bibi mmoja, kajitanda kanga, ana fimbo, ana mbuzi watano hivi.

Sasa mtu uliyelelewa huwezi kumpita mtu mzima hivi hivi. Nikapunguza mwendo, nikarusha, "Shikamoo bibi," huku napita.

"We! Hebu simama."

Nikasimama.

"Ndo salamu gani hiyo unanimwagia kama maji ya vyombo?"

Nikaanza upya, nikainama, na ili nimfurahishe nikamalizia na Mbukwenyi, salamu ya Kigogo. Kosa la mwaka. Uso ukafunguka, Kigogo kikaanza kushuka kama mvua ya Januari, na Kigogo changu mimi kinaishia pale pale kwenye Mbukwenyi. Alipogundua akarudi kwenye Kiswahili na kuanza mwanzo. Za kwako? Nzuri. Mama watoto? Hajambo. Watoto wangapi? Watatu. Mama mzazi yupo? Yupo. Huko kwenu mlivuna? Na mimi muda wote huo narukaruka pale pale nilipo, maana ratiba imesema usisimame ghafla misuli itakaza. Bibi akaniangalia miguu. Akaniangalia usoni. Akashusha sauti:

"Mjukuu wangu, kama umebanwa, kichaka kile pale. Nenda, mimi nageukia huku."

"Hapana bibi, nafanya mazoezi."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu bibi."

"Sasa unakimbilia nini asubuhi yote hii?"

"Nakimbia tu."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Wewe unamfukuza nani?"

"Simfukuzi mtu bibi."

Akanyamaza. "Umetokea wapi?"

"Nzuguni."

"Unakwenda wapi?"

Nikafikiria kudanganya. Nikasema kweli. "Nzuguni."

Hapo bibi akatafuta jiwe akakaa.

"Una kazi?" Nikamwambia ninayo, serikalini. "Aaa, serikalini," akaitikia taratibu, kama mtu aliyekuwa anatafuta jibu na sasa kalipata. "Kwa hiyo wanakulipa ukimbie." Nikamwambia hapana bibi, kwenye mbio unalipia wewe. Shilingi ngapi? Elfu 35. Akawaangalia mbuzi wake, mmoja baada ya mwingine, nadhani alikuwa anawahurumia kwamba wamesikia.

Ni hapo ndo yule dada wa kwenye simu niliyoifunga mkononi akapayuka na Kizungu chake, kwamba mwendo wako umeshuka sana. Sauti niliiweka juu ili niisikie kwenye malori. Mbuzi mmoja mweusi, ana baka jeupe shingoni, akashtuka, akaruka juu miguu yote minne, akatimua.

Nikamwangalia bibi. Bibi hata hakunyanyuka.

"Si ulisema unakimbia tu huna wa kumfukuza? Haya. Umepata."

Jamani. Yule mbuzi tumeanzia kwenye mabua ya mtama, yanakatika miguuni pwaa pwaa, tukazunguka mbuyu mara mbili, mara ya pili nilikuwa na uhakika kabisa yeye ndo ananifukuza mimi. Tukaingia kwenye migunga, ile miiba mirefu myeupe, ikabaki na kipande cha tisheti. Tukashuka korongo, yeye akapanda ng'ambo, mimi raba ya kushoto ikabaki mchangani na ndo nikajua mama wa yule muuzaji kaapiwa bure, maana soli ilikuwa imegandishwa na gundi ya shule. Halafu ana tabia moja mbaya. Anasimama. Anageuka. Anatafuna, anakutazama. Ukibakiza hatua tatu, anaondoka, wala hakimbii, anaondoka tu kama mtu anayehamia ofisi nyingine. Na nyuma huko bibi kwenye jiwe lake ananipa maelekezo, "Mzunguke kwa chini! Kwa chini nimesema! Ee Mungu, watoto wa mjini!"

Nimeinama nimeshika magoti, nimeshaanza kupiga hesabu ya bei ya mbuzi, kikatokea kitoto cha kama miaka 7 hivi, kina dumu la maji kubwa kuliko chenyewe. Kikaweka dumu chini. Kikaokota maganda makavu ya mgunga, kikayatikisa kiganjani, chaka chaka chaka. Mbuzi akaja. Mwenyewe, kwa adabu, mkia unatingishika. Kitoto kikaniambia shikamoo, kikabeba dumu, kikaenda zake.

Bibi akashukuru. Yule mtoto, sio mimi. Ila mimi akanipa mabuyu mawili mazima na maganda yake, eti nikawape watoto, na zawadi ya mtu mzima unaikataaje? Kwa hiyo ile kurudi nimerudi na buyu kwapa la kulia, buyu kwapa la kushoto, raba moja inapiga makofi, upepo wa usoni umejaa vumbi. Lile basi la mwisho kunipita, abiria walihamia dirisha la upande wangu.

Sasa nyie mnasema nimelewa. Ile mistari ni mbuyu! Mnaona pale inapojizungusha mara mbili? Mbuyu ule. Na kama mngeshusha macho kidogo badala ya kucheka, mngeona imeandikwa kilomita ya 10 ndo ya kasi kuliko zote nilizowahi kukimbia maishani mwangu, nyota na fataki zimerushwa kwenye simu, hongera. Wiki tisa za ratiba hazijanipa kasi ile. Kanipa mbuzi.

Nafika nyumbani saa mbili unusu, natarajia hata pole. Mama mkwe yuko barazani anachambua mchele, kayaona mabuyu, "Afadhali leo umekimbia ukaleta kitu." Mama watoto: "Gesi imeisha, na hujavua viatu, nenda tu moja kwa moja." Sikujibu. Nilisimama pale na mabuyu yangu, na nasema kweli, kidogo machozi yanitoke. Sio kwamba nataka medali. Nataka saa moja. Saa moja tu kwa siku ambayo mtu hajui niko wapi na hana kitu cha kuniagiza, niko na pumzi zangu tu na barabara. Nina miaka 43, goti linalia nikipanda ngazi, usingizi wenyewe nagawana na mtoto anayelala kwa mateke, halafu mtu amelala kitandani kwake Jumapili ananiuliza nilikunywa nini.

Na mbio zenyewe zimebaki wiki tatu. Nimeshajiandaa kisaikolojia kuwa wa mwisho. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alikuwa wa mwisho kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alianguka, goti likateguka, akafika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, goti limefungwa bendeji, na mpaka leo tunamtaja wakati mshindi wengi hamumkumbuki (ni Mamo Wolde wa Ethiopia, niliangalia). Ila nikikaa nikifikiria, Akhwari alipomaliza hakuna aliyemwambia apitie gesi.

Na gesi yenyewe nayo imepanda. Ile mara ya mwisho nabadilisha mtungi mdogo, jamaa ananiambia chenji hana nichukue pipi. Pipi nane! Nikamwambia kijana, mimi niko kwenye lishe maalum. Akasema basi chukua kiberiti. Sasa nina viberiti vinne na gesi hakuna, na tisheti za siku ya mbio zimekuja, zote saizi ndogo isipokuwa moja kubwa mno, hiyo kaichukua mweka hazina, na nikisema niulize kwenye grupu wataniuliza kwanza habari za mbuyu... ngojeni, ngojeni, bomba la nje limeanza kukohoa. Leo sio Jumanne! Jeni, ndoo! Ndoo zote!