Mistari Miwili ya Njano Si Ukuta

Sisi tuliojifunzia udereva Dar es Salaam tukihamia California, kuendesha upande wa kulia tunakuzoea baada ya siku chache. Kinachokawia ni kukata kona ya kushoto, ambayo nyumbani ni kufuata ukingo wa barabara tu, ilhali huku ni kukatiza mbele ya magari yanayokuja. Na pale katikati ya barabara panapokuwa na mistari miwili ya njano isiyokatika, wengi wetu tunagoma kabisa, kwa kuwa tumekua tukiamini kwamba mstari usiokatika haukanyagwi.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nikilipita geti la nyumba niliyopanga, lililo upande wa kushoto, nakwenda hadi kwenye taa, nageuza, ndipo narudi. Jioni moja nilikuwa nimempakia jirani yangu, mzee wa Mombasa, naye akashangaa: "Mwanangu, mbona wapita kwako?" Nikamwonyesha mistari. Akacheka. "Hiyo yakukataza kumpita mwenzio, haikukatazi kuingia kwako."

Alisema kweli. Kifungu cha 21460 cha sheria ya magari ya California kinakataza kuendesha kushoto kwa mistari hiyo, kisha chenyewe kinamruhusu dereva kuivuka anapokata kushoto kwenye makutano, anapoingia au kutoka kwenye njia ya nyumba, na hata anapogeuza gari mahali ambapo kugeuza kunaruhusiwa. Naiona ni sheria yenye busara, kwa sababu anayelipita gari la mbele hukaa upande wa wenzake kwa muda, tena kwa kasi, akitazamana nao uso kwa uso, lakini anayekata kona husubiri nafasi, akavuka mara moja, akatoka barabarani. Uingereza nako, wanakoendesha kushoto kama sisi na kwa hiyo kona yenye shida ni ya kulia, mstari mweupe usiokatika unaweza kuvukwa ili kuingia kwenye jengo au barabara ya pembeni, mradi ni salama. Wajerumani ndio wakali: kwao hauvukwi hata kama geti lako liko ng'ambo.

Lawama yangu iko kwingine. California hiyo hiyo inasema kwamba jozi mbili za mistari ya njano, zikiachana kwa futi 2 au zaidi, yaani kama sentimita 60, zihesabiwe kuwa kizuizi, na hapo hukati kushoto wala hugeuzi isipokuwa penye uwazi uliowekwa. Sasa dereva aliyeketi nyuma ya usukani usiku, mvua inanyesha na rangi imefifia, atazipimaje futi hizo? Serikali ikitaka rangi iheshimiwe kama ukuta, basi ijaze ile nafasi kwa michirizi ya mshazari, au ijenge ukingo wa zege, badala ya kumpa dereva kazi ya fundi mwenye futikamba.

Siku hizi nakata kushoto getini kwangu. Nawasha indiketa mapema, na ninaposubiri nayaacha matairi yameelekea mbele, kwa sababu yakiwa yamekwisha kupinda, gari likigongwa kwa nyuma litasukumwa moja kwa moja mbele ya wanaokuja. Ila saa kumi na moja jioni, magari yakiwa yamefuatana bila mwanya na nyuma yangu honi zimeanza, bado naenda kugeuzia kwenye taa, na mzee wangu bado ananicheka.